Kava la Kitambaa la Daftari na Dayari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na watu wanaojifunza kushona hapa Moshi, pamoja na wale wanaosimama barazani na daftari mkononi wakiuliza kama nalo linavalishika. Yameanza na ya msingi, yasiyo ya kawaida yako mwishoni. Humu neno *kava* ni lile la kitambaa unalolishona. *Jalada* ni lile la daftari lenyewe. Vipimo vya mfano ni vya daftari la A5, kwa sababu dayari nyingi za mwaka ni za saizi hiyo.

## Kabla ya kukata chochote

Kava la kitambaa lina faida gani kuliko karatasi ya kaki au nailoni?

Karatasi ikishalowa au kuchanika pembeni, kazi imekwisha. Nailoni hujikunja, na ikikaa juani hukauka na kupasuka. Kava la kitambaa unalivua, unalifua, unalirudisha. Daftari likijaa, unalitoa na kuweka jingine la saizi hiyohiyo, kava linaendelea. Ndiyo maana inafaa kulishona vizuri tangu mwanzo: halishonewi daftari moja tu, linashonewa yote yatakayofuata.

Sijawahi kushona. Naweza kuanza na hiki?

Ndiyo, na hakuna kazi ninayoipendekeza zaidi kwa anayeanza. Mishono yote imenyooka, hakuna kwapa wala shingo, na kitambaa kinachohitajika ni kidogo. Penye shida ni pawili tu: kupima na kugeuza pembe. Yote mawili yameelezwa chini.

Ninahitaji vifaa gani?

Mkasi unaokata kweli, futi ya kupimia, rula, chaki au kipande cha sabuni kavu, pini, pasi, uzi wa rangi inayoendana na kitambaa, na sindano. Kwa cherehani, sindano namba 14 inatosha kwa kitenge na kanga. Kwa jinzi weka namba 16. Wembe wa kufumulia nao uwe karibu. Tafuta pia kipande cha kitambaa cha gundi, kile ambacho mafundi hukiweka ndani ya kola za mashati. Kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji.

Lazima niwe na cherehani?

Hapana. Kava la A5 linashoneka kwa mkono likawa imara, ila tumia mshono wa kurudi nyuma: kila hatua sindano inarudi kwenye tundu la hatua iliyopita kabla ya kwenda mbele. Mshono wa kwenda mbele tu ni wa bandi, yaani wa kushikilia kwa muda, ukivutwa unaachia. Uzi uwe maradufu, na uupitishe kwenye mshumaa kabla ya kuanza. Nta inauzuia kujifunga mafundo na inaupa nguvu.

Kwa daftari la A5 ninunue kitambaa kiasi gani?

Kitenge kina upana wa sentimita 110 hadi 115 hivi. Kava la A5 linahitaji vipande vinne: cha nje (34 kwa 24), bitana (34 kwa 24) na viwili vya mifuko ya pembeni (16 kwa 24 kila kimoja). Ukivipanga mstari mmoja vinachukua sentimita 100. Kwa hiyo ukanda mmoja wa sentimita 24, ukivuka upana wote wa kitenge, unatoa kava zima.

Angalizo kwa wanaonunua kwa yadi: robo yadi ni chini kidogo ya sentimita 23, haitoshi. Nusu yadi inatoa kava moja na kubakiza. Nusu mita inatoa makava mawili, mradi muuzaji amekata wima. Bora upate sentimita mbili tatu za ziada kuliko kulilia ukanda uliokatwa mshazari.

## Kupima

Napimaje daftari?

Lifunge. Shika futi kwenye ukingo wa mbele wa jalada, izungushe juu ya mgongo, uifikishe ukingo wa jalada la nyuma. Usiivute, iguse tu. Pima sehemu tatu: juu, katikati na chini, kisha chukua namba kubwa kuliko zote, kwa sababu madaftari mengi yamevimba katikati au yamebonyea upande mmoja. Halafu pima kimo, kutoka juu hadi chini ya jalada. Pima jalada lenyewe, usipime karatasi, maana jalada gumu huzidi karatasi kwa milimita kadhaa kila upande.

Kwenye kila kipimo ongeza sentimita 2 za akiba ya mshono (1 kila upande) na nusu sentimita ya nafasi. Mfano: daftari lenye jalada la sentimita 15 kwa 21.5 na mgongo wa 1.5. Mzunguko ni 15 + 1.5 + 15, yaani 31.5, ukiongeza 2.5 unapata 34. Kimo ni 21.5, ongeza 2.5, unapata 24.

A5 ya karatasi ni sentimita 14.8 kwa 21, lakini usishone kwa kuamini namba hiyo. Dayari mbili zinazouzwa duka moja la steshenari, zote zimeandikwa A5, zinaweza kupishana kwa sentimita nzima. Ya kuamini ni futi yako.

Kwa nini mnasisitiza liwe limefungwa? Si rahisi kulifungua na kulilaza?

Ni rahisi, na ndiko makava mengi yanakoharibikia. Daftari likifungwa, kitambaa kinalazimika kupita nje ya mgongo na kuzunguka kona zake mbili. Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote. Likifunguliwa na kulazwa, safari hiyo hufupika. Kava lililopimwa wakati daftari liko wazi litaingia vizuri mezani, utafurahi, halafu ukilifunga jalada la mbele linanyanyuka na daftari linabaki mdomo wazi. Hapo kitambaa kimepungua upana wa mgongo, hata kama ni sentimita moja tu.

Dayari yangu hunenepa kadiri mwaka unavyokwenda. Nifanyeje?

Hili ni la kweli kabisa, hasa kwa wanaobandika risiti, picha na karatasi za benki ndani. Dayari ya Januari na ya Septemba ni vitu viwili tofauti. Kabla ya kupima, chomeka ndani karatasi za unene unaoutarajia, zitawanye kwenye kurasa, kisha funga na upime. Mwanzoni kava litakuwa limelegea kidogo mgongoni. Halina ubaya, lastiki ya kufungia italishika (tazama sehemu ya nyongeza).

Kaunta buku linavalishwaje?

Kwa hesabu ileile, ila usikadirie unene kwa macho. Kaunta buku la kwaya 2 na la kwaya 4 (kwaya ni kipimo cha wingi wa karatasi) vimo vyake vinaweza kulingana huku migongo ikipishana sana. Mengi yana ukubwa unaokaribia A4, kwa hiyo vipande vinne havienei kwenye ukanda mmoja wa kitenge. Nunua sentimita 70 ukate kanda mbili. Mifuko ya pembeni nayo iongeze: badala ya kukata 16, kata 22, la sivyo jalada zito litachomoka.

## Kuchagua kitambaa

Kitenge, kanga au jinzi: kipi ni bora?

Kwa kava la kwanza, kitenge cha pamba. Hakitelezi, kinakubali pasi, kinashika mkunjo. Kanga ni nyepesi zaidi, inapendeza sana lakini haisimami bila kitambaa cha gundi. Jinzi inadumu kuliko zote na haionyeshi vumbi letu, ila ni nene: ongeza sentimita 1 nzima ya nafasi badala ya nusu, na bitana iwe nyepesi. Usitumie jinzi nje na ndani. Pembe hazitageuka.

Vitambaa vya kuteleza, vile vya nguo za sherehe, viache mpaka mkono umezoea.

Lazima nifue kitenge kabla ya kukata?

Ndiyo. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kionekane kigumu, na pamba hurudi ikiguswa na maji kwa mara ya kwanza. Kava halina nafasi ya kurudi. Likipungua sentimita moja baada ya kufuliwa, daftari haliingii tena. Kifue, kianike, kipige pasi, ndipo upime.

Wakati wa kufua utaona pia kama rangi inachuja. Ikiwa maji yametoka na rangi, suuza mpaka yawe meupe. Kisha weka kitambaa cheupe kibichi juu ya kitenge na upitishe pasi. Kama cheupe kimechafuka, hicho kitenge kitakuchafulia kurasa na begi pia.

Nataka maneno ya kanga yatokee mbele. Nayapangaje?

Jina la kanga mara nyingi ni refu kuliko upande mmoja wa kava. Jalada la mbele la A5 lina sentimita 15 tu za kuonekana. Ukijumlisha mbele, mgongo na nyuma unapata kama 32. Pima jina kwanza. Likienea kwenye 32, lianzie nyuma, livuke mgongo, liishie mbele. Mtu akilifungua daftari na kulilaza kifudifudi atalisoma lote.

Lisipoenea, chagua neno au maneno mawili ya kukaa mbele. Kabla ya kukata, funika sehemu nyingine kwa karatasi nyeupe na usome kinachobaki kwa sauti. Jina lililokuwa na katazo ndani yake, katazo likikatwa, linabaki linasema kinyume, na wewe ndiye utakayelibeba kanisani, msikitini au kazini. Kumbuka pia kuacha sentimita 1 ya mshono chini ya herufi, zisije zikamezwa.

Nina kanga ya marehemu mama. Natamani kuishonea dayari, lakini naogopa kuikata.

Pole sana. Usikate siku hiyohiyo unapoamua. Ifue taratibu kwa mkono, iinue mbele ya dirisha, uitazame mwanga ukipita. Utaona ilipochakaa: mara nyingi ni pale ilipokuwa inafungwa kiunoni, na palipokuwa pakibeba mtoto. Hapo kitambaa ni chembamba na hapafai kuwa nje ya kava.

Kanga moja ina urefu wa mita 1.5 hivi na upana wa karibu mita 1.1. Ukikata ukanda wa sentimita 24 upande mmoja wa ule upana mfupi, unabaki na kanga ya zaidi ya mita 1.2, unaipiga pindo, inabaki kanga: inafaa kujitanda au kufunika mtoto. Na kama doti bado iko kamili, ile ya pili haiguswi.

Sasa kuhusu huo ukanda. Kabla ya kuukata vipande, pigia pasi kitambaa cha gundi nyuma yake wote, maana kanga iliyozeeka huvutika mkononi na vipimo huhama. Kisha usiumalize kwa bitana na mifuko. Bitana na mifuko shona kwa kitambaa kingine. Ukitumia kanga kwa nje tu, ukanda huohuo wa sentimita 110 unatoa vipande vitatu vya 34. Tumeshaona ndugu watatu wakigawana hivyo, mmoja amepata kona yenye pindo pande mbili, mwingine amepata sehemu ya mji (katikati ya kanga), wa tatu kona ya upande wa pili. Wakiyaweka makava yao mezani pamoja, ukanda wa mama unaungana tena.

Shuka la Kimasai linafaa?

Linafaa, na Arusha ndilo linaloombwa zaidi. Lakini mashuka mengi ya sokoni ni ya nyuzi za akriliki, si pamba. Pasi ya moto inayayeyusha na kuyaachia alama inayong'aa isiyotoka. Tumia moto mdogo na uweke kitambaa cha pamba juu. Kwa sababu hiyohiyo kitambaa cha gundi hakishiki vizuri hapo. Kipige kwenye bitana badala yake.

Kata kwa kufuata mstari wa drafti, siyo rula. Shuka likikatwa mshazari hata kidogo, miraba itaonekana imepinda mgongoni na hakuna kitakachoificha. Kingo zake hufumuka nyuzi haraka, kwa hivyo zipige zigizaga au ovaloki mara tu baada ya kukata.

Naweza kutumia mitumba?

Bila shaka. Suruali ya jinzi kutoka soko la Memorial au Kiboriloni, au la Kilombero kama uko Arusha, ina kitambaa cha kutosha kwenye mguu mmoja kama ni pana. Fungua mshono wa ndani wa mguu na uulaze. Shati la pamba la kiume linatoa bitana safi kabisa kutoka mgongoni. Usipitwe na mfuko wa nyuma wa jinzi: ukikata kipande cha nje mfuko ukiwa umo, kava linapata mfuko wa kalamu au simu bila kushona chochote.

Kagua kitambaa magotini na kwenye makalio, kimesagika. Kata pembeni mwa hapo.

Kitambaa cha gundi ni cha lazima?

Kwa kanga, ndiyo. Kwa kitenge, kava linakaa bila hicho lakini linakunjamana na kuonekana limechoka mapema. Kwa jinzi hakihitajiki. Kikate kidogo kuliko kipande cha nje: kwa mfano wetu, 32 kwa 22, ili kisiingie kwenye mshono na kuzinenepesha pembe. Chepesi kinatosha. Kigumu sana, kile cha kutengenezea mikoba, hufanya kava lipambane na daftari badala ya kulifuata.

## Kushona

Naomba hatua zote kwa mpangilio.

Pigia kitambaa cha gundi nyuma ya kipande cha nje. Chukua vile vipande viwili vya mifuko, vikunje kila kimoja katikati kwa urefu, uso ukiwa nje, vipige pasi. Sasa kila kimoja ni sentimita 8 kwa 24. Shona mstari mmoja milimita 3 kutoka kwenye mkunjo, huo ndio mdomo wa mfuko.

Laza kipande cha nje mezani, uso ukikutazama. Weka mfuko mmoja kushoto na mmoja kulia, kingo zilizo wazi zikilingana na kingo za nje na mikunjo ikitazama katikati. Kama unaweka lastiki, kitanzi au utepe, ni sasa. Juu ya vyote laza bitana, uso ukitazama chini. Bana kwa pini au piga bandi.

Anza kushona chini, karibu na katikati, sentimita 1 kutoka ukingoni. Zunguka pande zote nne, usimame ukiwa umebakiza uwazi wa sentimita 10. Rudisha cherehani nyuma mwanzoni na mwishoni, uwazi usije ukachanika wakati wa kugeuza. Punguza pembe, kisha ugeuze kupitia ule uwazi. Mifuko nayo igeuze itazame upande wa bitana. Ingiza ndani kingo za uwazi, piga pasi vizuri, halafu shona mstari wa juu kuzunguka kava lote, milimita 1 hadi 2 kutoka ukingoni. Mstari huo unafunga uwazi na kulilaza kava kwa pamoja. Urefu wa hatua uwe milimita 2.5 kwa mshono wa ndani na 3 kwa wa juu.

Kuvalisha: yakunje majalada yote mawili ya daftari nyuma kama mbawa, uyaingize kwenye mifuko kwa wakati mmoja, kisha lifunge. Ukiingiza moja kwanza, la pili litakusumbua na kuchana mfuko.

Pembe zangu zinakuwa za mviringo. Nakosea wapi?

Mara nyingi ni kitambaa kilichobaki ndani. Kata pembe mshazari, uache milimita 2 hadi 3 kabla ya mshono, kisha punguza kidogo pande zake mbili pia. Baada ya kugeuza, sukuma pembe kwa kijiti cha mshikaki upande usio na ncha. Ncha inatoboa, na tundu la pembeni halizibiki likapendeza.

Sababu nyingine ni kuzunguka bila kusimama. Ukifika kona, acha sindano ikiwa imezama, inua mguu wa cherehani, geuza kitambaa, shusha, endelea.

Cherehani inaruka hatua au sindano inakatika kwenye mifuko.

Hapo kuna tabaka nne za kitambaa, na tano au zaidi penye lastiki. Badilisha sindano kwanza. Iliyopinda hata kidogo huruka. Kisha acha kukanyaga, geuza gurudumu kwa mkono polepole mpaka upite sehemu nene. Kugonga mshono mnene kwa nyundo ndogo juu ya ubao kabla ya kushona kunasaidia sana kwa jinzi.

Umeme ukikatika, pasi ya mkaa inafaa kwa kitambaa cha gundi?

Inafaa. Kung'uta majivu nje kwanza, na ijaribu kwenye kipande kisicho na kazi, kwa sababu joto lake huwezi kulipangia namba. Weka kitambaa chepesi kibichi juu, bonyeza hesabu kama kumi, inua, hamia pembeni. Usiburuze. Ukiburuza, gundi inatembea na kitambaa kinajaa mikunjo ya kudumu.

Naweza kumpelekea fundi badala ya kushona mwenyewe?

Ndiyo, ila mwachie daftari lenyewe, usimwachie namba peke yake. Fundi aliyezoea nguo hutoa nafasi ya mwili kupumua, na kava lenye nafasi hiyo linakuwa gunia. Kama dayari ina mambo yako ya siri, mpelekee tupu ya saizi na unene uleule.

Usiende Desemba. Moshi nzima inajaa waliorudi nyumbani kwa Krismasi na kila fundi ana rundo la nguo za sikukuu na harusi. Januari ni sare za shule. Kuanzia Februari utapata fundi mwenye muda wa kukusikiliza. Wiki za kuelekea Pasaka na Idd nazo ziruke.

## Nyongeza

Kitanzi cha kalamu nakipima vipi?

Zungusha lastiki kwenye kalamu unayoitumia, ongeza sentimita 2 za mshono, kata. Kikunje na ukibane ukingoni kabla ya bitana kuwekwa, katikati ya kimo. Anayeandika kwa kulia hupenda kiwe upande wa jalada la nyuma. Wa kushoto, kinyume chake. Kalamu iingie kwa kusukumwa kidogo. Ikiingia kwa urahisi siku ya kwanza, mwezi wa pili itadondoka.

Nifunge kwa lastiki au kifungo?

Lastiki ya kupita juu hadi chini ndiyo inayovumilia dayari inayonenepa. Kata urefu sawa na kipande cha nje, yaani 24, kisha punguza sentimita 1 ili ibane. Ishone juu na chini ya upande wa nyuma, sentimita 3 kutoka ukingoni. Kifungo na kitanzi ni vya kupendeza zaidi lakini havina msamaha kwa unene.

Utepe wa kuweka alama uwe na urefu gani?

Upime mshazari wa ukurasa, uongeze sentimita 4 au 5. Kwa A5 inakuja kama 30. Uweke juu, katikati ya mgongo. Utepe wa satini wa nailoni au polista, uchome ncha kwa moto wa kiberiti kidogo sana. Wa pamba upige pindo.

Naweza kuweka sponji ndani?

Nyembamba, ndiyo. Ongeza sentimita 1 kwenye upana na nusu kwenye kimo, juu ya vipimo vya kawaida, na uikate sponji kama kile kitambaa cha gundi, isifike kwenye mshono. Mgongoni usiweke kabisa. Daftari litakataa kulala wazi.

## Mambo yakienda mrama

Kava limebana, daftari halifungi.

Kabla ya kufumua, geuza kava na uangalie kama akiba ya mshono imejikunja ndani. Ikipigwa pasi ikalala, wakati mwingine inarudisha milimita zinazohitajika. Ikishindikana, fumua mstari wa juu na mshono wa ubavu mmoja, ushone tena nusu sentimita kutoka ukingoni. Unapata nusu sentimita kila ubavu utakaoshona upya. Likibana kwa zaidi ya sentimita moja, litafutie daftari jembamba zaidi na ushone jingine.

Limelegea.

Geuza, shona mstari mpya ndani ya ule wa zamani ubavuni mwa mfuko mmoja. Ni kazi fupi.

Nalifuaje?

Toa daftari, fua kwa mkono kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, usikamue kwa kusokota. Anika kivulini, jua letu la mchana linapausha kitenge. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mifuko ya pembeni hukauka mwisho kwa sababu ina tabaka nyingi. Ingiza vidole ndani yake uhakikishe. Daftari likirudishwa kwenye kava bichi, jalada linavimba na kurasa za mwanzo zinaota ukungu.

## Yasiyo ya kawaida

Daftari la springi linavalishika?

Linavalishika, lakini hutaweza tena kulikunja nyuma kabisa, na wengi hununua springi kwa ajili ya hilo. Pima mgongo kwa kupita juu ya springi yenyewe, na usiweke kitambaa cha gundi sehemu hiyo.

Nina madaftari ya unene tofauti. Kava moja litayatosha?

Shona lenye mfuko mmoja tu, wa jalada la mbele. Upande wa nyuma acha kitambaa kirefu, sentimita 10 zaidi, na juu yake shona ukanda uliosimama wima, umeshikwa juu na chini tu. Kila daftari unakunja ule urefu mahali panapolingana na jalada lake, unauchomeka chini ya ukanda. Vimo lazima vilingane. Unene ndio unaoruhusiwa kubadilika.

Biblia, kitabu cha nyimbo, au Msahafu je?

Hesabu ni ileile ya kupima kikiwa kimefungwa. Biblia yenye jalada laini inahitaji mifuko mipana, karibu theluthi mbili za jalada, kwa sababu jalada laini halina nguvu ya kujishikilia. Msahafu unafunguka kutoka kulia, kwa hiyo mbele ya kava ni upande ambao kwa dayari ungekuwa nyuma: panga maua, maneno na kitanzi kwa kuutazama Msahafu wenyewe ukiwa umefungwa mbele yako, kabla hujapiga chaki.

Daftari la kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa) linapita mikononi mwa watu wengi. Lishonweje?

Jinzi au turubai jepesi nje, rangi ya giza, bila lastiki ya kufungia maana huvutwa na kila mtu. Mishono ya mifuko ipite mara mbili. Ndani ya jalada la mbele ongeza mfuko wa pili wa kuwekea stakabadhi za benki, uwe na upana wa mkono kuingia. Katibu akibadilika, kava linafuliwa ndipo linakabidhiwa.

Na zipu ya kuzunguka?

Inawezekana, ila muundo wake ni mwingine kabisa: kava linakuwa na ukuta wa pembeni, na zipu lazima ipinde kwenye pembe mbili za mviringo. Shona makava matatu manne ya kawaida kwanza. Kwa anayehitaji zipu sasa hivi, njia rahisi ni kushona kipochi bapa cha zipu na kuliweka ndani yake daftari likiwa limeshavaa kava lake.